Mti wa Amani Nilioupanda Mpakani

Ukifika Rongai uulizie kwa akina Nyambura, watu watakuonyesha njia vizuri, ila kwanza watakuuliza kama ni yule Nyambura wa amani, halafu watageuka kando wacheke, na mimi sina la kujitetea kwa sababu hata mimi ningecheka. Nimekaa na hii aibu muda wa kutosha. Leo naisimulia mwenyewe, maana kule sokoni inasimuliwa vibaya na kuna wanaosema eti polisi walikuja, na polisi hawakuja.

Nilikuwa mratibu katika shirika moja la wageni wa kujitolea (jina nalihifadhi, limeumia vya kutosha) lenye ofisi Nakuru mjini, na kazi yake ilikuwa kuleta vijana kutoka ng'ambo waje wajenge amani na maendeleo endelevu huku Bonde la Ufa. Vijana wenyewe walikuwa wazuri, wana heshima, wanakula ugali mpaka wanaomba tena, shida ni kwamba walifika wamejiandaa kukuta vita, na kila kijiji tulichoenda tulikuta watu wanapalilia viazi. Kwa hivyo tuliwaketisha watu wazima kwenye duara, tukawapa fimbo ya kuongea (aliyeishika ndiye anayeruhusiwa kusema), tukawauliza wanahisi nini, na wazee walikuwa wanahisi kwamba saa ya kukamua ng'ombe imefika.

Mimi nilikuwa bado kwa majaribio. Mkurugenzi, mama mmoja aliyeitwa Ingrid, alikuwa anakuja kutoka makao makuu kuona kazi, na akiridhika ningepata kandarasi ya kudumu. Tulipanga apande mti wa amani kwenye shule fulani ya msingi, lakini mvua ikanyesha ikapitiliza, barabara ya shule ikawa uji, na dereva akazima gari akasema yeye hapiti hapo hata akibembelezwa. Wageni wananiangalia, Ingrid ananiangalia, mche wa mkaratusi uko kwenye mkebe unaniangalia. Ndipo nikafanya uamuzi mdogo tu, ambao kama ningekuwa na akili ningesema turudi mjini tunywe chai: nikasema twendeni kwetu, ni hapo mbele, karibu na lami.

Kwetu ni kipande cha shamba kubwa lililokuwa la mzungu zamani, watu wakalinunua kwa ushirika wakagawana. Mamangu ni mjane. Jirani yetu ni Baba Chebet, ambaye hata lugha ya nyumbani haifanani na yetu, lakini ndiye aliyemkimbiza mama hospitali kwa trekta nilipokuwa nazaliwa, ndiye aliyesimamia mazishi ya babangu, na ng'ombe wa mama akitaka kuzaa yeye ndiye anaitwa kabla ya daktari wa mifugo. Katikati ya mashamba hayo mawili kuna ukanda wa nyasi, upana wa kupitisha mkokoteni, ambao hakuna anayejua ni wa nani kwa sababu jiwe la mpaka lilipotea kitambo. Wiki hii mama anakata nyasi, wiki ijayo Baba Chebet anakata, ndama wa pande zote wanafungwa hapo, na hakuna mtu amewahi kupanda kitu, hata sukuma wiki, maana kwetu ukipanda mti mahali umeshasema mahali hapo ni pako. Hilo nililijua tangu utotoni. Nililijua vizuri kabisa mpaka nilipoanza kuhudhuria semina.

Ndani ya gari nikamsimulia Ingrid habari za mama na jirani yake, naye akaniuliza kama hao majirani wa makabila mawili waliwahi kuwa na mgogoro. Jibu la kweli lilikuwa hapana. Lakini niliona uso wake umeanza kunyong'onyea, nikamwambia wamepitia changamoto (changamoto gani? Kuna mwaka fisi alikula mbuzi wa wote wawili). Uso ukachangamka, akasema basi mti tuupande mpakani, katikati kabisa, na wao wawili waushike pamoja. Na mimi, kwa kichwa changu hiki, nikasema hilo ni wazo zuri sana.

Mama alitupokea na chai, Baba Chebet akaja na kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya kuganda, kama anavyokuja kila kukiwa na wageni, wakawa wanataniana na kucheka mpaka mpiga picha wetu akaanza kuonekana ana wasiwasi. Tukaenda kwenye nyasi. Kijana mmoja akachimba shimo pale nilipomwonyesha kwa kidole (kidole hiki hiki), mama akashika mche upande huu, Baba Chebet upande ule.

"Nyambura," Baba Chebet akaniuliza kwa upole, "hapa ndio mnasema ni mpaka?"

"Ni katikati tu, mzee. Ni ya picha."

"Ya picha ni sawa. Lakini hii mti itabaki, ama itaenda na picha?"

Mama akacheka, halafu akaacha kucheka. "Kwani unaona ni kama imeingia kwako?"

"Sijasema imeingia. Nimeuliza."

"Kwa sababu mimi naona ni kama imeingia kwangu."

Hapo ningelifukia shimo na kuomba wimbo. Lakini kijana mwingine, mwanafunzi wa uhandisi mwenye roho safi, akatoa simu akatuonyesha picha ya shamba iliyopigwa kutoka angani, na mstari mwekundu umepita juu yake, akasema simu inajua mpaka uko wapi. Kwa mujibu wa simu, mpaka ulipita ndani ya choo cha mama, mlango ukabaki kwetu na shimo likawa la Baba Chebet. Nikatafsiri. (Hakuna aliyenilazimisha kutafsiri.)

"Hiyo choo ilichimbwa na marehemu," mama akasema, "na wewe ulikuwa hapo unamshikia kamba."

"Nilishika kamba, Mama Nyambura. Sikushika ramani."

Nikaona hapa ndipo mafunzo yangu yanahitajika, nikaleta fimbo ya kuongea, nikampa mama aanze. Mama hakuiachilia tena. Alianza na ndama fulani aliyemaliza kabichi zake zamani, habari ambayo sikuwahi kuisikia maisha yangu yote, na kila Baba Chebet akifungua mdomo anaonyeshwa fimbo. Ingrid ananong'ona, wanasemaje, wanasemaje? Nikamwambia wanaelezana hisia. Mwishowe Baba Chebet akainama akachukua kibuyu chake, bado kimejaa, akaondoka nacho, jambo ambalo hajawahi kufanya nyumbani kwetu. Mama akaingia jikoni akafunga mlango. Wageni wakamalizia kuupanda mti, wakapiga makofi.

Tukirudi mjini Ingrid alinishika mkono machozi yakimlengalenga, akasema miaka yote ya kazi hajawahi kuuona mgogoro halisi kwa karibu hivyo. Kabla hatujaingia Nakuru nilikuwa nimeshaahidiwa kazi, na kwamba shamba letu ndilo litakuwa kituo cha awamu ya pili, na wafadhili wataletwa waje wauone mti. Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi mpaka nikapitia kununua kuku wa kukaanga.

Niliporudi nyumbani baada ya majuma kadhaa nilikuta Baba Chebet amepiga seng'enge upande wake, mama naye amepiga yake, na mkaratusi umesimama katikati peke yake ukinawiri. Kisha mama akaniambia ng'ombe wake alizaa, ndama akakaa vibaya tumboni, na yeye badala ya kuita jirani akamngoja daktari atoke mjini, na ndama akafa. Hakulia aliponiambia. Aliangalia tu dirisha la upande ule, na mimi nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, kwa sababu nyumba hiyo mama anaishi peke yake, na mtu pekee wa kumwitikia akiita nilikuwa nimemfukuza mimi.

"Si mung'oe tu huo mti?" nikamwambia.

"Nikiung'oa nitakuwa nimesema hapo ni kwangu. Yeye akiung'oa, nitasema ameingia kwangu. Wewe ndio ulipanda."

Nikaenda kwa Baba Chebet. Alinipeleka sebuleni akaniletea soda kwenye sinia, mimi niliyekulia jikoni kwake, na hilo liliniuma kuliko angenitukana. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Wewe ni mtoto yetu, lakini wewe ndio uliweka hiyo kitu. Kesho ukuje uitoe, sisi wawili tukiona."

Basi asubuhi nikashika jembe. Mama kasimama upande wake, Baba Chebet upande wake, na majirani wengine wamejaa kwenye ua kwa sababu Rongai habari hazihitaji redio. Nilikuwa nimevaa fulana ya ofisi, ile imeandikwa AMANI kifuani kwa herufi kubwa, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa safi. Mkaratusi nao ulikuwa umeshika ardhi. Nikachimba, nikavuta, nikazunguka upande wa pili nikavuta tena, mti ukaachilia ghafla nikakaa kwenye matope na mti mapajani, watu wakapiga makofi, na wakati huo huo gari la ofisi likapinda kona. Ilikuwa Ingrid na wafadhili, wameamua kutushtukiza.

Alishuka akanitazama, akautazama mti wa amani na mizizi yake juu, akauliza nani amenifanya nifanye hivyo. Nikalitafsiri swali kwa sauti, wote wasikie. Mama na Baba Chebet, ambao hawakuwa wamesemeshana tangu siku ile, wakajibu pamoja, "Ni sisi."

Baba Chebet akaongeza, "Mwambie tumeelewana. Na umwambie asituletee ingine."

Safari hii nilitafsiri kila neno. Ingrid akaniambia kwa upole kwamba kwa mratibu anayeegemea upande kama mimi, kandarasi haitawezekana. Mfadhili mmoja alinipiga picha nikiwa bado chini, na nasikia kule makao makuu wanaionyesha kuthibitisha kwamba mgogoro umefika hadi kwa wafanyakazi. Gari halijafika hata lami, Baba Chebet alikuwa ameshaleta plaisi anakata seng'enge, mama anamgombeza kwamba usikate, fungua, waya ni ghali, na yeye anamjibu basi kuja ufungue wewe, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuniinua kwenye matope.

Siku hizi nauza dawa za mifugo hapo Rongai, na mteja akiingia namuuliza ng'ombe ana shida gani, basi. Kwa hivyo marafiki zangu, mkiniona tena na ile fulana nikielekea penye watu wawili wanaocheka pamoja, nifukuzeni kabla sijawafikia.