Hewa Baridi Chini ya Lori la Baba

Siku injini ya lori la baba ilipokufa, feni zake zilikuwa bado zinazunguka. Waliofika pale mlimani waliliona hilo kwa macho yao, na ripoti ya kiwanda cha chai ikaandika hivyo hivyo: feni nzima, injini imekwisha.

Nirudi nyuma kidogo. Enzi hizo, miaka ya tisini, sisi tuliokulia upande wa Sosiot tulikuwa na mvua ya kila alasiri. Ilingoja tutoke shule. Tulifika kwenye kituo cha kununulia majani ya chai pekupeku, sweta zimetoboka viwiko, tumelowa mpaka madaftari. Mama zetu walikuwa pale na vikapu vyao wakingoja kupimiwa majani, na sisi tuliwangoja wao, maana nyumbani hakuna aliyekuwa amewasha moto. Tuliruka kamba ya mpira, tukagawana hindi moja la kuchoma watu wanne, tukatetemeka. Kisha lori la baba likaja.

Lilikuwa lori kuukuu la kiwanda, baba akiwa dereva wake. Feni yake ya asili, ile inayozungushwa na mkanda, ilivunjika, na Fundi Njoroge, mwenye gereji mjini Kericho, akafunga badala yake feni mbili za umeme alizozitoa kwenye magari madogo. Mwanzoni zilijiwasha zenyewe rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ikipata moto. Kifaa cha kuziwasha kilipoharibika, baba alivuta waya hadi kwenye dashibodi akaweka swichi nyeupe ya taa ya nyumba. Tangu hapo aliziwasha asubuhi na kuzizima jioni. Hata akizima injini kituoni, feni ziliendelea kuvuma.

Hewa ilipita kwenye rejeta, ikatokea chini nyuma ya gurudumu la mbele, ya moto, yenye harufu ya dizeli na tope linalokauka. Hapo ndipo tulipojipanga. Wa darasa la kwanza walikaa mbele, hiyo ilikuwa sheria, na wakubwa walianika sweta juu ya vichwa vyao. Baba alitupigia kelele: "Nyinyi, tokeni huko! Mnafikiri hii ni jiko ya nyanya yenu?" Lakini hakuzima feni mpaka mfuko wa mwisho upakiwe. Watoto wa dada yangu leo wakiona wingu wanapiga simu wafuatwe na gari hadi mlango wa darasa. Nikiwasimulia kwamba tulikuwa tunaota joto la lori, wananiangalia kama mtu anayeumwa.

Sasa kuna kidude kinaitwa themostati. Ni cha shaba, kinaenea kiganjani, na kinakaa kati ya injini na rejeta. Maji yakiwa baridi kinafunga, yakipata moto kinafungua yapite kwenda kupoa. Madereva wengi wa kwetu walikuwa wamekitoa na kukitupa. "Kitu ya kufungia maji njia ni ya nini?" baba aliuliza. Kwake hiyo ilikuwa mali ya nchi za theluji. Halafu kiwandani akaja mkubwa mpya wa magari, akaamuru kila lori lirudishiwe chake, kwa sababu injini baridi zilikuwa zinakunywa dizeli sana. Fundi Njoroge akakiweka. Baba akanuna wiki nzima.

Wiki hiyo hiyo ilinyesha mvua ya mawe. Lori lilichelewa, karani wa mizani alikuwa anafoka, na sisi tukakimbilia gurudumu letu. Hewa ilikuwa baridi. Rafiki yangu Chepkorir akarudisha mikono kwapani. "Chebet, leo baba yako ametuletea barafu!"

Nilimfuata baba kwenye mizani. "Baba, leo lori inatoa baridi."

"Basi imepoa," akasema bila kugeuka. Kisha akamcheka karani: "Umesikia? Hata mtoto ameona kidude ya mkubwa inafanya kazi!"

Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa umeharibika, umelala chini tangu zamani, kwa hiyo hakuwa na kitu kingine cha kumwonya. Akaondoka. Katikati ya mlima, baada ya daraja, paipu ilipasuka, mvuke ukafunika kioo, injini ikakwama. Majani ya kituo kizima, na ya mama yangu ndani yake, yalipata joto mifukoni mpaka yakawa mekundu. Yote yalimwagwa.

Ripoti ilisema dereva aliendesha bila maji. Baba akafutwa kazi. Fundi Njoroge alipofungua injini, alikuja nyumbani na ile themostati, akaiweka kwenye kiganja cha baba. "Mzee, chemsha maji uitie. Ikifungua, makosa ni yako. Ikikataa, makosa ni yangu, na nitaenda mwenyewe kusema mbele ya mkubwa."

Mama aliinjika sufuria. Baba akaiepua. "Maji niliweka," alisema. "Najua nilichofanya."

Nilipokua ndipo nilipoelewa kwamba rejeta hutoa hewa baridi kwa njia mbili: themostati ikikataa kufunguka, au maji yakiwa yamekwisha. Baba alilijua hilo tangu siku ile ya sufuria: kwa njia yoyote ile, hewa baridi niliyomwambia ilikuwa onyo. Hakushika usukani tena. Alijifunga kikapu akachuma majani nyuma ya mama, na majirani waliopoteza majani yao walipita bila kumsalimia. Mimi na yeye hatukuzungumza kamwe kuhusu nilichomwambia pale mizanini.

Siku hizi gari likipata joto lenyewe hupiga kelele, taa nyekundu, maandishi kwenye kioo, na kijana anateremka kulipiga picha kabla hajafungua boneti. Hakuna dereva anayesubiri kuambiwa na mtoto anayeota. Ni afadhali, najua. Ila pale kituoni sasa mvua ikinyesha hakuna mtoto chini ya lori lolote.

Baba tumemzika. Themostati iliachwa kwenye mkebe wa misumari, na mkebe ninao mimi. Kipimo chake ni cha dakika chache tu, sufuria na jiko. Mara mbili nimebandika maji kwa ajili yake. Mara zote mbili yalipochemka niliyatia majani, nikanywa chai. Kidude bado kimo mkebeni, kimefunga, kama kinavyotakiwa kufunga kikiwa baridi.