Samaki Aliyeelea Ubavu

Harufu ya mabondo yanayokauka juani haifanani na harufu ya samaki. Mgeni akiingia uani kwetu, mtaa wa Mabatini, Mwanza, alikunja pua akauliza ni kitu gani kinaoza, lakini sisi tuliokulia humo tulijua kwamba kilichooza kina harufu nyingine kabisa. Bondo likiwa bichi hunuka ziwa, yale maji ya kina kirefu. Likishinda juani hunuka kama gundi ya seremala. Likikauka sawasawa, likawa gumu na la kupitisha mwanga kama kucha, hubaki na harufu ya mbali tu, inayokaa kwenye kanga na kwenye nywele hata ukioga mara mbili. Baba aliyanunua mialoni, kule ufukweni wanakoshushia samaki, kwa watu wanaopasua sangara, na mara nyingi akipasua pamoja nao. Mabondo ni ile mifuko ya hewa iliyo tumboni mwa samaki, inayomsaidia kuelea na kuzama atakavyo. Mama aliyaosha na kuyakwangua damu, na dada yangu Mwajuma akayatandaza juu ya vichanja vya wavu vilivyojaa ua mzima. Mnunuzi akija aliyainua juani moja moja kutazama kama yana doa. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha na kutuvisha, na mimi nililijua bondo kabla sijajua kusoma.

Dada Mwaju alinizidi miaka tisa. Mama alikuwa mtu wa kazi nyingi, hivyo mgongo nilioujua utotoni ni wa Dada, na mkono ulionishika siku ya kwanza ya shule ni wake. Mwaka nilipotimiza miaka kumi akapata nafasi ya chuo cha uuguzi huko Tabora. Nyumbani palikuwa na furaha kama ya harusi. Baba aliwatangazia majirani kabla hajamaliza kunywa chai, na Mama akanunua tranka la bati la bluu, akaliweka katikati ya chumba tulichokuwa tukilala mimi na Dada. Nililichukia tranka lile tangu siku ya kwanza. Kila jioni Dada alikunja kitu akakiweka ndani, leo shuka, kesho kanga mbili, na mimi nilikaa kitandani nikaona chumba kinavyopungua.

Nadhani aliliona hilo, kwa sababu siku moja alirudi kutoka mjini amebeba mfuko wa nailoni uliojaa maji, na ndani yake samaki mmoja mdogo kuliko kidole changu cha kati. Alikuwa samaki wa mapambo, wa aina iitwayo beta, mwenye rangi ya bluu iliyoiva, na mapezi marefu yenye ncha nyekundu yaliyopepea nyuma yake kama kanga ya bibi harusi. Alimnunua kwa hela zake za kusuka watu nywele. Tulimweka katika chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya pipi dukani, tukaiweka juu ya meza karibu na dirisha. "Nikiondoka utakuwa na mtu wa kuongea naye," Dada akaniambia. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu azaliwe alikuwa hajaona samaki anayefugwa katika nyumba inayoishi kwa kupasua samaki. Tukampa jina la Sultani, kwa sababu muuzaji alisema samaki hao hawakubali kukaa wawili, kila mmoja anataka ufalme wake.

Muuzaji alisema pia apewe punje mbili tatu za chakula asubuhi na mbili tatu jioni, basi. Dada aliniambia hivyo, akarudia tena. Lakini Sultani alikuwa na tabia ya kuja juu mbio kila nimkaribiapo, akifungua na kufunga mdomo, na mimi niliamini ananililia. Kila nilipomwona Dada akifungua tranka nilikwenda kwenye chupa nikadondosha punje. Nilipomsikia akimwambia Mama tarehe ya safari nilidondosha nyingine. Chakula kilipopungua niliongeza chembe za ugali. Nilikuwa napunguza huzuni yangu kwa kuijaza ndani ya tumbo la kiumbe ambaye hakujua kukataa. Haikuchukua muda tumbo lake likavimba kama punje ya mahindi iliyolowekwa, na asubuhi moja nilimkuta akielea ubavu juu ya maji, jicho moja likitazama dari. Alijaribu kuzama, akapiga mkia kwa nguvu zote, akafika katikati ya chupa, kisha akapanda tena juu kama kizibo.

Nilipiga kelele nikidhani amekufa. Baba aliingia na kisu cha kazi mkononi, akainama mbele ya chupa kwa muda mrefu. "Hajafa," alisema. "Bondo lake hilo. Tumbo limejaa, linalibana." Kisha akanigeukia. "Umemlisha nini, Dija?" Chembe za ugali zilikuwa bado chini ya chupa. Dada akatafuta kwenye simu yake, akatusomea kwa sauti: asilishwe siku kadhaa, maji yapunguzwe ili asihangaike kufika juu kupumua, baadaye apewe njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda. Mama akiwa jikoni akauliza, "Yaani samaki naye kafunga? Na Ramadhani bado!" Tukacheka wote, hata Baba, lakini mimi nilicheka huku nimeuma mdomo.

Zile siku za kumfungisha zilikuwa ndefu kwangu kuliko kwake. Nilikaa mbele ya chupa nikitoka shule, nikimwona amelala ubavu, mapezi yamemlemea kama mtu aliyevaa nguo si zake. Mara moja uvumilivu ulinishinda nikampa punje moja, na kesho yake tumbo likawa gumu zaidi. Dada alijua. Hakunigombeza, alihesabu tu siku za kufunga upya tangu mwanzo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini kwangu yalikuja mapema, yakakaa nami kwenye kiti kimoja.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya vuli, na anga lilianza jeupe kabisa. Uani vichanja vyote vilikuwa vimejaa mabondo yaliyokaribia kukauka. Yalikuwa yamekusanywa kwa wiki nyingi kwa ajili ya ada ya chuo cha Dada, na mnunuzi alikuwa aje kesho yake. Mama alikwenda msibani Nyakato, Dada alikwenda kwa fundi kuchukua sare, na Baba alikuwa na safari ya mwaloni. Kabla hajatoka alinisimamisha uani. "Ukiona wingu upande wa ziwani usingoje mvua," alisema. "Mwite Mama Neema hapo jirani, muingize vichanja ndani. Umenisikia?" Nikamwambia nimemsikia.

Ndiyo siku hiyo hiyo Sultani alipopata kula. Nilimenya njegere, nikaibonyeza, nikampa kipande kidogo kama kichwa cha pini. Alikitema, akakifuata, akakimeza. Nikalala kifudifudi juu ya meza, kidevu kwenye mikono, nikingoja. Baada ya muda niliona kitu nilichokuwa nikikiomba: alipiga mkia, akajiinua, akasimama wima ndani ya maji, akayumba, akaanguka, akajiinua tena. Nje upepo ulianza kupiga. Niliusikia. Nilisikia turubai likipigapiga ukutani, nikasikia mtu akiita watoto waanue nguo. Nikajiambia ngoja aogelee mara moja tu, azunguke chupa mara moja niende. Mvua ya Mwanza haina salamu. Hutoka ziwani ikiwa ukuta mmoja mweupe, na matone ya kwanza juu ya bati yaliponishtua, ya pili na ya elfu yalikuwa yameshafika.

Nilikimbia uani nikikanyaga maji. Nilishika kichanja cha kwanza, kikanishinda uzito. Nilimwita Mama Neema lakini sauti yangu ilimezwa na mabati. Upepo ulipindua kichanja kirefu kilichokuwa karibu na choo, na mabondo yakamwagika kwenye matope, mengine yakachukuliwa na maji kuelekea mtaroni. Nilikuwa nikiyaokota na kuyaweka kwenye gauni langu, yananiponyoka kwa utelezi, nalia. Baba alinikuta hivyo. Alisimama mlangoni amelowa chapachapa, akatazama ua wote, kisha akachuchumaa akaanza kuokota pamoja nami.

"Ulikuwa wapi?" aliniuliza baadaye, mvua ilipopungua.

"Kwa samaki."

"Samaki gani?" Aliuliza kama mtu asiyeelewa kweli, katika nyumba ambayo neno hilo lilikuwa na maana nyingi. Nikamwonyesha dirisha. Hakunipiga. Mpaka leo natamani angenipiga, kwa sababu kiboko kina mwisho wake. Mama aliporudi alichukua chupa akaenda nayo mpaka mtaroni, na ni Dada, sare yake mpya ikiwa bado kwenye mfuko, aliyemfuata akamshika mkono. "Mwache, Mama. Samaki hana kosa," alisema. Hakusema ni nani mwenye kosa.

Tuliyaosha mabondo, tukayakausha upya, lakini bondo likishanyeshewa karibu na kukauka huingia madoa meusi ambayo hayatoki. Mnunuzi aliyainua juani, akatikisa kichwa, akachagua machache. Chuo hakikuweza kungoja. Baba alimwita Dada sebuleni akamwambia ataondoka mwaka ujao, na Mama akaongeza kwa sauti iliyokauka kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Dada aliitikia, "Sawa, Baba," akaenda chumbani kutoa nguo kwenye tranka.

Hapa ndipo penye uzito kuliko mvua. Nilikuwa nimewatia wazazi wangu hasara na nimemkatia dada yangu njia, nami nililijua hilo vizuri kwa akili ya miaka kumi. Lakini chini ya huzuni ile, mahali ambapo sikumruhusu mtu kuchungulia, nilikuwa na furaha. Dada haondoki. Chumba kilijaa tena, shuka likarudi kitandani, kanga zikarudi kwenye msumari. Nililia mbele za watu na machozi yalikuwa ya kweli, na furaha nayo ilikuwa ya kweli.

Sultani aliishi karibu mwaka mzima baada ya hapo. Hakunyooka kabisa, aliogelea ameinama upande mmoja, kama mzee anayetembelea fimbo. Alipokufa, nilimpelekea Baba kwenye kiganja nikamwomba ampasue tuone bondo lake lilikuwaje. Baba, aliyekuwa ameshapasua samaki wasio na idadi, alikiweka kisu chini. "Huyu hapasuliwi," alisema, akachimba shimo kwa mikono karibu na ukuta.

Mwaka uliofuata mabondo yalikwenda vizuri, na Baba akamwambia Dada sasa aandike tena maombi ya chuo. Dada alisema hapana, ameshaizoea biashara. Akaanza kwenda mialoni mwenyewe, mwanamke kijana kati ya wanaume wenye maneno makali, na Baba alipochoka akazishika kazi zote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: mimi nilisoma mpaka chuo kikuu kwa mabondo ya Dada, na kwa miaka mingi sikuhisi uzito wake. Siku hizi vichanja vyake viko chini ya paa la plastiki, simu humwambia mvua kabla wingu halijatokea, na binti akiachwa kulinda ua huo anaweza kusinzia bila kumharibia mtu maisha. Mimi nafundisha baiolojia. Nikifika kwenye somo la samaki naeleza bondo kwa dakika chache na kuchora mchoro ubaoni, mkono wangu ukiwa mwepesi.

Idi iliyopita Dada alikuja kwangu kunisaidia mapishi. Tulikuwa tumeketi kibarazani tukichambua mchele, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza kama aliwahi kunikasirikia.

"Nilikukasirikia," alisema bila kuinua kichwa. "Si kwa sababu ya mvua. Mvua ni ya Mungu. Siku ile natoa nguo zangu kwenye tranka, nilikusikia uko uani unaimba."

Sikuukumbuka wimbo wowote.

"Nililia," akaendelea. "Halafu nikajiambia, haya, angalau yupo mtu anayetaka nibaki." Alicheka kidogo, akatupa jiwe dogo nje ya ungo. Simu yake ikalia, akafuta mikono kwenye kanga, akainuka kwenda kuzungumza na mnunuzi kwa ile sauti yake ya biashara, kavu na ya kujiamini.

Miaka yote nimeamini kwamba ni biashara iliyomfanya akatae chuo mara ya pili. Nikabaki na ungo mapajani, namsikiliza akibishana bei, na aliporudi kuketi sikuwa na ujasiri wa kumuuliza ni nini hasa kilichombakiza.