Supu ya Daraja la Kwanza

Harufu ya siagi ndiyo iliyoniamsha. Nilikuwa nimesinzia kwenye kiti nyuma ya jiko la hoteli yangu hapa Ngara mjini, kama ninavyosinzia siku hizi kila mchana, miguu imevimba na maharage ya jioni bado hayajachaguliwa. Mjukuu wangu alikuwa amefika kutoka Dodoma. Akanifungulia mezani mkate mdogo aliobaki nao kutoka kwenye treni, siagi imeyeyukia kwenye karatasi, akaniambia hivyo ndivyo wanavyokula daraja la kwanza. Alisema kama mtu anayemletea mshamba habari.

Nikamjibu kwamba mimi nimelala daraja la kwanza kabla mama yake hajazaliwa. Akacheka, akarudi kwenye simu yake. Basi nawaeleza nyinyi, maana kubishana na wajukuu kumenichosha.

Nilizaliwa Nyakisasa. Shule niliishia darasa la tatu, na kila nilicho nacho, kuanzia bati hadi sufuria, nimekipata kwa mikono hii. Aliyenilea ni bibi, mama yake baba. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Njia ya kisimani aliijua kwa nyayo, na sura zetu alizijua kwa viganja. Mwanawe wa mwisho, baba yangu mdogo, alikuwa na kazi ya reli Tabora. Huyo ndiye aliyemtafutia daktari Dar es Salaam wa kumpasua macho, na huyo ndiye aliyepata tiketi za daraja la kwanza. Mimi nikachukuliwa nimwongoze njiani.

Daktari alitoa sharti moja, na baba mdogo alilirudia njia nzima, juu ya lori, tukikata misitu ya Biharamulo na vumbi limetujaa hadi kwenye kope. Mgonjwa afike na nguvu zake. Ale, tena ale vizuri. Akifika amelegea hapasuliwi, atarudi Nyakisasa na giza lake. Bibi alisikiliza, akasema hajawahi kufundishwa kula.

Kosa la kwanza alilifanya baba mdogo mwenyewe. Tulipofika Isaka alichukua furushi letu la ndizi za kuchemsha na maharage, yamefungwa vizuri kwa majani ya mgomba, akawapa wapakiaji wa stesheni. Aliona aibu. "Mama, daraja la kwanza huingii na furushi," alisema. "Humo kuna chakula cha watu wenye hadhi zao."

Na kweli kilikuwapo. Jioni hiyo hiyo alituongoza hadi kwenye behewa la chakula, bibi amenishika bega, sakafu inatuyumbisha kama tumekunywa. Nikaona vitambaa vyeupe mezani, vimenyooshwa hadi vinasimama vyenyewe. Nikaona visu, uma, vijiko vya ukubwa mbalimbali, nikadhani labda tunasubiri wenzetu. Baadaye ikaja supu, kwenye sahani pana nzito, inatoa mvuke wa karoti na pilipili manga. Tangu asubuhi sikuwa nimekula. Mate yalinijaa mdomoni nikayameza kwa sauti.

Aliyeileta alikuwa mhudumu mtu mzima, koti jeupe, vifungo vinang'aa. Alimwamkia, "Shikamoo, mama," akaweka sahani mbele ya bibi bila kumwaga hata tone, treni ikitikisika vile.

Bibi aliitikia marahaba. Kisha akalaza mikono mapajani.

Sisi kwetu, anayekupa pombe huigusa kwanza yeye kwa midomo yake, ndipo akukabidhi. Bibi alikuwa wa kizazi kilichofanya hivyo hata kwa chakula, akipewa na mtu asiyemjua. Hakuona sababu ya treni kuwa na desturi nyingine. Akasema kwa Kihangaza chetu kwamba huyo mwenyeji aonje kwanza.

Baba mdogo alijifanya hakusikia. Bibi akarudia. Baba mdogo akachungulia dirishani kana kwamba nje kuna mtu anamwita. Ndipo bibi akanibonyeza goti niseme mimi. Nikasema, kwa Kiswahili changu cha darasa la tatu, "Bibi anasema uonje wewe kwanza."

Behewa zima lilicheka. Mzee mmoja mwenye tai aliuliza kama sisi tunasafiri na sultani. Mhudumu hakucheka. Alieleza kwa adabu kwamba amekatazwa kugusa chakula cha abiria, na kwamba akionekana anakigusa hana kazi. Baba mdogo, jasho likimtoka, akachota kijiko cha supu akaonja yeye, akasema, "Haya mama, nimeonja, ni nzuri."

"Wewe si mwenyeji," bibi akamwambia. "Wewe na mimi tumeletewa."

Supu ikapoa. Ikaja nyama ya ng'ombe na viazi vilivyokaangwa, ikapoa nayo. Na mimi sikula. Mtoto hali wakati mkubwa wake amelaza mikono, hilo lilikuwa halihitaji kuulizwa. Nilimchukia bibi usiku ule, nawaambieni ukweli. Nilimwona mshamba, mkaidi, mtu anayeogopa sumu kwenye sahani ya kizungu.

Asubuhi yakawa yale yale kwa uji na mkate wa siagi. Mchana haujafika, bibi alisimama kwenda msalani, magoti yakakataa. Tulimshika, tukamlaza kwenye kitanda cha chumba chetu. Mikono yake ilikuwa baridi. Baba mdogo akatoka koridoni, akaegemea dirisha, na mabega yake yakawa yanatikisika. Alikuwa amebakiza siku hiyo tu na usiku wake kumfikisha mama yake kwa daktari akiwa na nguvu, na ndizi alizozigawa Isaka bila shaka alikuwa anazikumbuka moja moja.

Mhudumu alimkuta hapo. Sikusikia walichosema. Nilichoona ni mlango wetu ukifunguliwa, yule mtu akaingia na sinia iliyofunikwa, akaufunga mlango nyuma yake kwa komeo, akashusha pazia la upande wa koridoni.

Akachuchumaa mbele ya kitanda. Akachota supu, akanywa. Bibi aligeuza sikio, akasikiliza hadi ilipopita kooni.

"Mwambie asile amechuchumaa," bibi akaniambia. "Akae."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, na lile koti lake jeupe. Akaonja nyama. Akaonja kiazi. Kisha akaonja tena nyama, na hapo haikuwa kuonja tena. Bibi akanyoosha mkono, akapapasa, akaipata sahani, nao wakala pamoja. Mimi nilipewa mkate, nikaubugia bila kutafuna.

Alipofuta mdomo mhudumu akatazama ile sahani. "Mwambie bibi yako," akasema, "nimebeba supu hii miaka mingi. Leo ndiyo nimejua haina chumvi."

Nikatafsiri. Bibi akacheka hadi akakohoa, akasema basi jioni alete chumvi. Akaileta, akaonja, wakala. Na kesho yake bibi alishuka Dar es Salaam kwa miguu yake. Alipasuliwa, jicho moja likarudi. Hilo moja lilimtosha kutukagua kama tumeoga.

Niliolewa Nyamahanga, ndoa ikanishinda, nikaja Ngara na sufuria moja. Nimepika kwa miaka ambayo siihesabu tena. Wamekula kwangu maofisa, makondakta, mapadri, watu wa bodaboda. Wengi wanasema chakula changu ni kizuri, na najua ni kizuri. Wanalipa, wanachokonoa meno, wanaondoka. Mimi hula baadaye, nimesimama, kilichoshika chini ya sufuria.

Sijui ni lini hasa nilielewa. Labda ni siku moja tu ya kawaida, nimebeba sahani za watu, mgongo unauma, na mteja anaongea na simu bila kuniangalia usoni. Nikajua bibi hakuogopa sumu. Yeye hakutaka kulishwa na mtu anayesimama pembeni na njaa yake. Alitaka kupokelewa na mwenyeji. Kwenye behewa lile lote, wenye tai na wenye hadhi, aliyejua kwamba nyuma ya sahani kuna mtu mwenye mdomo alikuwa yule asiyeona.

Mimi hakuna aliyewahi kunisogezea sahani akaniambia nionje kwanza. Angetokea, nisingesumbuana naye. Ningeketi.