Masale Katikati ya Kihamba

Mimi nina hasira za karibu. Nasema mapema ili nisije nikasingiziwa utulivu. Asubuhi ile ya mbio sikuwa mtulivu hata kidogo. Nilikuwa nimepiga simu mpaka sikio likawa la moto, na wageni waliolipia kukimbia walikuwa wameshakusanyika uwanja wa kanisa kule chini, wananyoosha misuli na kupigana picha. Kazi yangu ilikuwa kutangulia na pikipiki nikague njia yote mpaka juu Uru, tulikopanga wamalizie.

Mbio zile tunaziandaa kila mwaka kwa ajili ya vijana wetu. Wengine walikosa ada, wengine walifukuzwa nyumbani, wengine ni watoto wa vibarua wa mashamba ya miwa kule tambarare, ambao wazazi wao walitoka mikoa ya mbali kutafuta kazi. Tunawafundisha mpira, baiskeli, kupanda miamba kwa kamba, na anayeonekana ana pafu zuri tunamtafutia nafasi ya kusindikiza wageni mlimani. Bila mbio hakuna viatu, hakuna kamba, hakuna hata uji. Ndiyo maana siku ile huwa nakuwa kama nimekalia siafu.

Nilipokata kona ya mwisho nikasikia mwanamke anapiga yowe ndani ya migomba.

"Yeleuwi! Wameniua jamani, wameniua!"

Niliiacha pikipiki palepale, sikumbuki hata kama niliizima. Kihamba kile, shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, nilikijua. Ni cha mama mmoja mjane, mtu mzima kwangu, aliyekuwa ametupa ruhusa wakimbiaji wakatize kwake kufika uwanjani, sharti lake moja tu wasikanyage maharage. Nilimkuta amesimama kati ya migomba, kanga kiunoni, panga mkononi. Mbele yake, kuanzia barabarani mpaka ukingo wa korongo, yalikuwa yamechomekwa masale, mabichi, yamenyooka mstari mmoja.

Asiyezaliwa huku atasema ni majani tu, marefu, ya kijani, yanaota popote bila kubembelezwa. Kwetu sale ndilo linalosema hapa ni pangu na pale ni pako. Babu zetu waliyapanda mipakani, na mpaka leo baraza likikaa kuamua ugomvi wa ardhi, swali la kwanza ni je, kuna masale? Na likishasimama, watu wakalipita wakaliona, na hakuna aliyefungua mdomo, basi limekubaliwa.

Sasa mama yule alikuwa na ugomvi. Mume wake alikuwa ameshazikwa, mabinti zake wameolewa mbali, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amesimamia neno moja: kwamba fungu la kaka yake liliishia kwenye mfereji wa zamani uliokauka. Chini ya mfereji, yaani nyumba, zizi, kahawa na kaburi lenyewe, eti ni mali ya ukoo. Ukoo ulikuwa ukae wiki iliyofuata kuamua. Na masale yale yalikuwa yamesimama juu ya mfereji uleule, hatua kwa hatua.

"Amenijia usiku, Mwalimu," akaniambia, akinionyesha mstari ule kwa panga. "Amenikatia kihamba nikiwa nimelala."

Nikainama niangalie. Kando ya sale la kwanza kulikuwa na mshale umechorwa kwa majivu, unaelekeza juu. Mshale ule ulikuwa wetu.

Nikamwita kwa sauti yangu yote binti aliyeongoza kundi la kuweka alama. Akaja mbio kutoka upande wa uwanja, jasho linamtiririka, na mikononi, Mungu wangu, amekumbatia furushi la masale yaliyobaki. Akamwamkia mama, "Shikamoo," kwa adabu zake zote.

"Hayo umeyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Pale njiani, Mwalimu. Utepe tuliofunga jana mbuzi wameutafuna wote. Nikaona haya yanasimama vizuri, halafu hayanyauki. Si yanapendeza?"

Yanapendeza! Nilitamani kumrarua. Lakini nilimtazama usoni nikaona hana hila hata chembe. Amezaliwa kwenye nyumba za vibarua, katikati ya miwa, baba na mama wametoka kusini. Kwao kijiti ni kijiti. Nani angemwambia?

"Yachomoe," nikasema. "Yote. Haraka."

"Asichomoe mtu."

Alikuwa shemeji mtu, ametokea barabarani na koti lake la kanisani, fimbo mkononi. Nyuma yake alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuja kuangalia mbio kama watu wengine. Shemeji hakuonekana kushangaa. Alikuwa ametabasamu, na tabasamu lile lilinitia woga kuliko angekuja anafoka.

"Shikamoo mzee," nikasema kwa shida.

"Marahaba, Mwalimu. Hongera kwa kazi. Vijana wako wameupata mpaka bila hata kuonyeshwa. Wakimbiaji wapite tu, waone, kila mtu aone."

Simu ikaita. Mwenzangu wa kule chini alikuwa anacheka kwa furaha: filimbi ilipulizwa kitambo, wameshapita nusu ya njia, na kuna kijana mmoja anapanda kama anafukuzwa. Nikakata bila kumjibu. Nikamgeukia mwenyekiti nikamwambia mwenyewe anaona, ni kosa la mtoto, aseme neno.

Mwenyekiti akakuna shingo. Alikuwa mtu wa haki, lakini mzito. "Utaratibu mnaujua," akasema. "Sale analichomoa aliyelichomeka. Na aseme mbele ya watu kwa nini aliliweka na kwa nini analitoa. Mwingine akigusa, ni kesi nyingine."

Mimi ni Mlutheri, naimba kwaya, na mambo ya laana ya masale nayacheka mchana kweupe. Lakini nilipotaka kunyoosha mkono nichomoe moja, mkono ulikataa. Nasema ukweli, ulikataa.

Shemeji akamsogelea binti, sauti ameilegeza kabisa. "Mwanangu, nakuhurumia. Unajua msichana anayeng'oa sale la mpaka huwa hapati mtoto? Usinisikilize mimi. Waulize hawa."

Binti akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti aliangalia viatu vyake, na mimi, mwalimu wake niliyemfundisha kuning'inia kwenye mwamba bila kuangalia chini, nilijifanya nasoma simu. Kimya kile kilimtisha kuliko maneno. Akalikaza furushi la masale kifuani.

"Na wewe, Mwalimu," shemeji akaendelea, "usisahau uwanja wa kumalizia ni wangu. Haya yakitolewa, lango nafunga. Wageni wako watamalizia barabarani pamoja na ng'ombe."

Meza zetu zilikuwa mle, maji, medali, masufuria ya machalari ya ndizi na nyama, viti vya kukodi. Watu waliosafiri na kutoa pesa zao wangekuta mnyororo getini, na mwakani nani angerudi? Niliwafikiria vijana wangu kwa miguu yao mitupu. Nilimwangalia na yule mama. Na yule mzee bado alikuwa anatabasamu, anasubiri nimbembeleze.

"Funga!" nikamwambia.

Lilinitoka kabla sijalipima. Hasira ndiyo iliyosema, si busara. Nilimchukia mtu yule kwa roho yangu yote, na nilifurahi kuona tabasamu limemkauka.

Lakini mama ndiye aliyetushangaza. Alitupa panga chini, akamshika binti mkono. "Acha," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Acha mwanangu, usijitie matatani kwa sababu yangu. Mimi nimeshazaa. Wewe bado."

Kutoka chini ya mteremko tukaanza kusikia makofi na vigelegele. Majirani walikuwa wanawashangilia wakimbiaji. Hawakuwa mbali tena, na wangefika wakikuta masale yamesimama na sisi tumesimama, basi. Wangepita mashahidi, mchungaji akiwa mmojawapo, maana naye alikuwa anakimbia. Ningemlazimishaje yule mtoto kitu ambacho mkono wangu mwenyewe umekikataa?

Binti akajipangusa pua kwa kiwiko.

"Mama," akasema, "kwetu haya ni majani tu. Hiyo laana hainijui mimi. Itaanzia wapi kunitafuta?"

Mwenyekiti alikohoa, na nadhani alikuwa anaficha kicheko. Binti akaweka furushi chini, akanyanyua sauti kama tunavyowafundisha kuitana mlimani. "Nimeyachomeka mimi! Sikutumwa na mtu. Nilitaka wakimbiaji wasipotee. Sikujua kama ni mpaka. Nayatoa mimi mwenyewe, kwa sababu hapa sina mpaka wa kuweka."

Akachomoa la kwanza. Udongo ukaruka. Nilijikuta nimebana pumzi kama mjinga, nasubiri sijui nini kitokee. Hakikutokea kitu. Akachomoa la pili. Shemeji akageuka akaondoka anapiga fimbo yake chini, na baada ya muda tukasikia mnyororo wa lango ukigonga.

Mengine yalitoka kirahisi, ardhi ilikuwa na unyevu. Mengine alikuwa ameyagongelea kwa jiwe ili yasianguke, na sasa ilibidi apige magoti achimbe kwa vidole. Mimi nilimfuata nyuma nikifukia mashimo kwa kiatu. Vigelegele vilikuwa vinakuja, vinakuja. "Kaza mwanangu," nikawa nasema, "kaza, kaza," na yeye hajibu, kucha zimejaa tope, na bado anachomoa. Mama alikuwa anatufuata hatua kwa hatua, kimya, anahesabu kwa macho.

La mwisho lilitoka ukingoni mwa korongo wakati yule kijana wa mbele anaingia kutoka barabarani, mapafu yanapiga kelele.

"Wapi?" akauliza. "Naelekea wapi?"

Lango lilikuwa limefungwa, na nyuma ya kijana wakimbiaji wengine walishaanza kujitokeza kwenye kona. Nikamgeukia mama nimwombe radhi kwa fujo yote ile. Yeye akapangusa uso kwa kiganja.

"Wamalizie kwangu," akasema.

"Kwako wapi, mama?"

"Kwangu! Uani."

Akafungua kanga ya kiunoni, akabaki na gauni lake, akatupatia tushike, mimi huku na binti kule. Hiyo ndiyo ikawa kamba ya kumalizia. Kijana aliipasua katikati kwa kifua na kuanguka miguuni kwa ng'ombe. Vijana wetu waliruka ua wa uwanja wa shemeji wakayatoa masufuria na maji moja moja, viti wakaviacha. Wakimbiaji wakawa wanaingia kwa mfululizo kupitia kwenye migomba, juu ya mashimo tuliyofukia, mpaka uani kwa mama.

Na yeye akasimama kwenye mdomo wa ua, akampokea kila mmoja. "Karibu kwangu," akamwambia mchungaji. "Karibu kwangu," akawaambia majirani. "Karibu kwangu," akawaambia wageni wasiojua Kiswahili hata neno, nao wakamjibu kwa kutikisa kichwa na kumpa mkono. Bwana mmoja mgeni alinung'unika kwamba aliahidiwa kiti. Nilimwonyesha rundo la kuni. Mwingine alitaka kuegemea pale penye saruji, mama akamwahi kwa upole: "Hapo hapana, baba. Hapo amelala mwenye nyumba yangu." Akawapeleka watu kuliona kaburi, kisha kahawa, kisha zizi. Mwenyekiti alikuwa anamfuata kwa macho kila anakokwenda, sahani ya machalari imempoa mkononi. Alikuwa ameelewa mama anafanya nini: anajikusanyia mashahidi. Nami nilikuwa nimeelewa, na nilitaka kulia.

Binti nilimkuta kando ya ndoo anaosha mikono. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama kweli ile habari ya kutopata mtoto ni uongo. Nikamwambia ni uongo mtupu. Akasema, "Mbona Mwalimu hukusema mapema?" Nikakosa pa kuweka uso.

Ndipo vichwa vikageukia njiani. Shemeji alikuwa amerudi. Nadhani alichoka kulinda uwanja mtupu huku watu wanacheka upande wa pili wa ua. Alifika njiani kwa mwendo wake wa siku zote. Tangu amzike kaka yake alikuwa akiingia uani pale moja kwa moja, mikono nyuma, anakagua kahawa, anahesabu mikungu, hasemi na mtu. Mguu ulikuwa umeshanyanyuka kuingia alipowaona: mchungaji, mwenyekiti, majirani, wageni, wote wana sahani za mama mikononi, wote wanamtazama yeye. Mguu ukarudi chini.

Mama alikuwa amempa mgongo, anapakua. Najua alikuwa amemwona. Nilimwomba Mungu asigeuke, na hakugeuka. Alijaza sahani moja, akampa mtu, akachukua nyingine.

Shemeji akavua kofia.

"Hodi," akasema.

"Nani?" akauliza mama, upawa uko sufuriani.

"Ni mimi, shemeji yako. Naomba kuingia."

Mwenyekiti akaniinamia sikioni. "Umesikia? Kapiga hodi. Hilo nitalisema kwenye kikao, neno kwa neno."

Mama aliimaliza ile sahani kwanza. Akafuta mikono kwenye gauni, akageuka, akamwangalia usoni.

"Karibu, shemeji," akamwambia. "Karibu kwangu."