Aliyenyamaza Katika Kitabu cha Maloba

Herbert Maloba hakuwa mlevi, wala hakurogwa. Wanaosema Busia kwamba pombe ndiyo iliyomzuia kumaliza kitabu hawajawahi kumwona na chupa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Bulumbi, mtu wa shati lililopigwa pasi, na kwa miaka kumi na minne aliandika riwaya moja ya Kiswahili, kwa mkono, katika madaftari aliyojinunulia.

Ilikuwa habari ya kubuni: ndugu wawili wanavusha kahawa ya magendo kutoka Uganda kwenda Kenya, na mdogo anakamatwa na wanajeshi. Yule mkubwa, Maloba alimpa jina la marehemu baba yake, Egesa, kwa heshima. Kwa Wasamia, watu wa kabila lake, jina la marehemu hupewa mtoto, naye marehemu huendelea kuitwa. Maloba alikihesabu kitabu kuwa mtoto.

Alipoirudia rasimu ya kwanza aliona pengo. Wanajeshi waliijuaje njia ile? Alimweka mpelelezi, akamfuta. Kila alipogeuza, jibu lilikuwa moja: Egesa ndiye aliyemuuza mdogo wake. Akaandika hivyo, na kwa mara ya kwanza yule mtu akaanza kusema mwenyewe, Maloba akimfuata kwa kalamu.

Alikuwa na desturi ya kuwasomea watu wa nyumbani ili asikie sentensi inajikwaa wapi. Safari hii hakufika mwisho wa ukurasa.

"We Mwalimu," kaka yake Paddy alimkatiza, "ulisomea ualimu ama kufukua makaburi? Mzee alikukosea nini?"

"Kaka, ni hadithi tu."

"Hadithi yenye jina la baba yangu! Si ungeniweka mimi? Mimi niko hai, nitajitetea."

Watu walicheka. Mkewe, Barbara, hakucheka.

"Baba Bwire," alisema, "mjukuu wetu, mwana wa Bwire, anaitwa Egesa. Kesho watamsomea hayo darasani. Badilisha."

Alibadilisha. Akamwita yule mtu Ogwang, na mwalimu mwenzake wa Iyolwa, Mpadhola aliyeitwa Ogwang pia, akamuuliza kwa kicheko, "Kumbe msaliti lazima awe Mpadhola?" Akamwita Emong, jina la Kiteso, nalo likawa na wenyewe. Mwisho akamwita Kaka tu.

"Amenyamaza, Mama Bwire," alimwambia mkewe. "Namwandikia maneno, anayakariri kama mtoto wa kwaya."

Kwa miaka sita alifuta na kuandika upya. Sura ishirini zikawa kumi na moja, kisha nne, zote safi, zote zimekufa. Halafu ugonjwa wa sukari ukamla macho.

Mwezi wa mwisho wa uhai wa Maloba, Barbara alichukua daftari jipya, akaketi kando ya kitanda.

"Mrudishie jina lake," alisema. "Sema, nitaandika."

Maloba aligeuza uso ukutani. "Egesa," aliita polepole, kama anayebisha hodi. Barbara aliandika jina hilo, akangoja. Maloba aliita tena. Wakangoja mpaka chai ikapoa.

"Hayupo," alisema. "Funga."

Alizikwa Jumamosi iliyofuata, na daftari lile lina neno moja tu.

Wapo wanaotaka kujua kama mkewe anajuta kwa kusema "Badilisha." Hilo halitaandikwa.