Kasi ya Kutafuta Undugu

Kwetu mtu haoi kabla wazee hawajaulizana ukoo, maana ndugu hata wa mbali hawaoani. Kazi hiyo inakula vikao na chai, na mara nyingi inakwama kwa babu fulani aliyehama zamani akasahaulika. Mimi, mtengeneza programu wa hapa Songea mjini, nikajitia kimbelembele. Nikawaomba wazee wa pande zote mbili wataje watu wao wote, tuwaingize kwenye kompyuta, kila mtu awe nukta na kila undugu uwe mstari, kisha tuulize kama mimi na mchumba wangu tunagusana popote. Nilitaka kumwoa kabla ya mvua. Nilimpenda mpaka nikawa namchukia kila mtu aliyesema "subirini kwanza".

Balaa, kaka yake naye ni mtu wa kompyuta. Nilipotaja hifadhidata ninayotumia, yaani programu ya kutunzia hayo majina, akaangua kicheko. "Shemeji, hiyo kobe. Ya kwangu ukikohoa tu imemaliza." Nikamtumia vipimo vyangu vya kasi, naye akanitumia vyake. Kwenye vyangu, ya kwake ilikuwa inatambaa. Kwenye vyake, ya kwangu ilikuwa bado haijaamka. Kila mmoja alikuwa amepima kwenye mashine yake, kwa maswali ambayo programu yake inayapenda, tena baada ya kuipasha moto kwanza kwa swali lile lile, ili jibu liwe limeshaandaliwa. Upuuzi mtupu, ila upuuzi wake uliniudhi zaidi. Tukakubaliana zishindane mbele ya wazee, kwa watu wale wale na swali lile lile.

Jumapili mchana wazee wa upande wake wakaja naye kutoka Mpitimbi, wakajaa sebuleni kwetu Mjimwema. Laptop zilikuwa mbili, moja mpya na moja kuukuu. Nikasema programu zote zitumie hiyo mpya kwa zamu, ndiyo haki yenyewe. Shangazi yangu, aliyekuwa anaongoza kikao, akanikata jicho.

"Mgeni unampangisha foleni? Nani kakulea wewe?"

Akaamuru programu ya wageni ipewe laptop mpya, tena ikae karibu na soketi. Baba wa mchumba wangu akakataa katakata. Yeye hakuja kuwashinda wakwe nyumbani kwao! Wao watachukua kuukuu. Shangazi akaona ameaibishwa, akasema basi ya kwetu ifanye kazi huku inacheza video ya kwaya ya parokia. Mzee akajibu kwamba na ya kwao ichomolewe kwenye umeme. Shangazi akasema ya kwetu iulizwe swali mara mbili.

Mimi na shemeji tulishika vichwa. Jamani, hicho ni kipimo gani?

Tukabonyeza kwa pamoja. Kwaya inaimba, wazee wote wanaikodolea macho saa ya ukutani, hakuna anayepumua. Zikamaliza karibu wakati mmoja. Weee! Vigelegele vikapasua bati. "Tumelingana!" Shangazi akamkumbatia mama mkwe wangu mtarajiwa, akaagiza wali uletwe.

Walioinama kusoma majibu tulikuwa wawili tu, mimi na mchumba wangu. Mama wa bibi yake na mama wa bibi yangu walikuwa tumbo moja. Mmoja aliolewa Tunduru, na tangu hapo hakuna aliyemfuatilia. Mchumba wangu akasoma kwenye laptop ya kaka yake, akasogea akasoma kwenye yangu. Nikajua anatafuta nini, maana hata mimi niliomba moja iwe imekosea. Zilikuwa zinasema kitu kile kile.

"Shangazi," mchumba wangu akasema, "jibu hamjalisoma."

"Jibu nalo si litakuwa zuri tu, mwanangu? Muda si umelingana!"

Akalisoma kwa sauti. Shemeji akainuka akazima kwaya.

Nililia mbele ya watu, wala sioni haya kusema. Kilichonichoma zaidi ni kwamba wazee walifurahi kweli kweli. Ndugu waliopotea wamepatikana! Wali ukaliwa, shangazi akawa ananisukumia paja la kuku huku ananiita mwanaume wa maana aliyeunganisha ukoo.

Mwaka jana yule aliyekuwa mchumba wangu aliolewa na mwalimu mmoja. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya harusi, na ukumbini nikakaa meza ya mbele, upande wa kaka zake bibi harusi.