Kokwa za Agape

Mwalimu wa chekechea pale Ujiji haingii darasani mikono mitupu. Kila asubuhi hupitia kwanza ufukweni, na pindo la kitenge chake hurudi limejaa makombe ya konokono, kokoto na kokwa za michikichi, akavimwaga vyote mkekani mbele ya watoto. Vidole vyake vinene hupanga upesi, vikubwa huku, vidogo kule, na sauti yake ya kukwaruza haichoki kuuliza, "Na hii iende wapi?"

Jumatatu Agape, binti wa mama mkamua mawese, alikuwa akiweka kila kokwa sikioni, anaitikisa, ndipo anaitia fungu hili au lile. Kubwa na ndogo zikachanganyika. "Umevuruga!" mwalimu akamchapa kiganja, darasa zima likamcheka. Watoto walipoondoka, mwalimu akaokota kokwa moja, akaitikisa; kitu kikacheza ndani. Ya fungu la pili ikanyamaza. Akazigonga kwa jiwe, moja baada ya nyingine: fungu la kwanza lote lina mise ndani, kiini chenye mafuta, la pili lote ni maganda matupu. Akayafagia upesi kama mwizi anayefuta nyayo.

Kesho yake alikuja amejiapiza kumwomba mtoto radhi, lakini mama mtu akamwahi mlangoni. "Mwalimu, nimekuja kushukuru. Huyu anakusikia wewe kuliko mimi. Jana namwambia atikise kokwa, anasema hapana, mwalimu kakataza."

Mwalimu akaificha mikono ndani ya kitenge. "Karibu, mama Agape," akasema.